Ombea Mgonjwa wa Akili, Lakini Usimnyang'anye Dawa

Andiko la somo: Marko 5:1–20. Soma pia Mathayo 4:24; 1 Wafalme 19:1–8; 2 Wafalme 20:1–7.

Somo la wiki hii ni la ndugu na dada zetu wanaougua magonjwa ya akili, na la wale wanaowatunza. Wengi wako hapa hapa kati yetu. Wengine hawaji ibadani kwa sababu jamaa wanaona haya kuwaleta. Tunataka kuelewa magonjwa haya ni nini, dalili zake ni zipi na yanatugharimu nini. Zaidi ya yote kuna swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini wakishatoka nje ya kanisa: je, nikiombewa, niache dawa?

Twende kwa Marko. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi alikaa makaburini. Alikuwa amefungwa kwa minyororo mara nyingi akaikata, na usiku na mchana alipiga kelele na kujikata kwa mawe. Sisi Wapentekoste tukifika hapo tunakimbia moja kwa moja mpaka kwa pepo na nguruwe. Na pepo walikuwepo, Biblia inasema hivyo, hatubishani na Biblia. Lakini mtu akichukua andiko hili moja akalifanya kipimo cha kila anayesikia sauti, ataumiza watu wengi. Fungua Mathayo 4:24. Wagonjwa wanaoletwa kwa Yesu wametajwa kwa makundi: wenye pepo kivyao, wenye kifafa kivyao, waliopooza kivyao. Ni kweli pia kwamba katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho kuna kijana wa kifafa ambaye Yesu alimkemea pepo akatoka. Kwa hiyo hatusemi kwamba adui hagusi afya ya mtu, na hatusemi kwamba kila ugonjwa ni adui. Maandiko hayakutia kila mgonjwa kwenye kapu moja, nasi tusitie.

Huku kwetu Ukambani kapu lenyewe ni kubwa. Kijana akianza kuongea peke yake, jirani anasema ni uoi, ametumiwa kitu. Mwingine anasema ni majini, aliyapata alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Susu naye anasema ni mambo ya ukoo, kuna deni la zamani halijalipwa, twendeni kwa mundu mue. Kanisani tunasema ni roho chafu. Maneno ni tofauti, lakini yote yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyemuuliza huyo kijana analala saa ngapi, anakula nini, anavuta nini, na sauti zilianza lini.

Ugonjwa wa akili unagusa ubongo, na ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na figo. Mara nyingi chanzo si kimoja. Kuna urithi wa damu, kuna maumivu ya utotoni, msiba, ukame na madeni, bangi, pombe na muguka, kujifungua, na magonjwa mengine ya mwili. Dhambi inaweza kuleta msongo, hilo linajulikana, lakini kumwambia mgonjwa kwamba anaugua kwa sababu hana imani ni kumwongezea mzigo ambao Biblia haikumpa.

Ugonjwa unaojificha zaidi kanisani ni sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Ikiendelea wiki mbili au zaidi, mtu hafurahii tena kitu chochote, usingizi unakatika saa tisa za usiku, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, anajiona hafai, na mawazo ya kufa yanamjia. Wengine hawasemi huzuni kabisa. Wanasema kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, "vidonda vya tumbo" ambavyo kipimo hakivioni. Anaweza kuwa bado anaimba kwaya. Sisi tunamwambia amepoa kiroho, aongeze kufunga! Sasa tazama Eliya. Ametoka Karmeli, moto umeshuka, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimletea mkate na maji akamwacha alale, akaja mara ya pili na chakula tena, na mazungumzo yakafuata baada ya safari. Nafikiri wahubiri tunairuka mistari hiyo kwa sababu haina radi ndani yake. Kumfungisha siku saba mtu ambaye tayari hali wala halali ni kufanya kinyume cha alichofanya yule malaika.

Skizofrenia ndiyo ile watu huiita kichaa. Huanza mara nyingi mtu akiwa kijana, mwisho wa miaka ya shule au katika miaka ya ishirini, na huanza polepole: anajitenga, haogi, anashuku kwamba chakula kimetiwa sumu, anafunga redio kwa sababu inamtaja. Baadaye ndipo sauti. Ukimpata katika miezi ya kwanza, matibabu hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ukimngoja miaka mitano.

Baipola ina sura mbili. Wiki kadhaa mtu hatoki nyumbani, halafu wiki nyingine halali, anaongea haraka, anagawa pesa, ananunua vitu vya mkopo, anatangaza kwamba atajenga kanisa la ghorofa. Hapa ndipo tunaweza kuchanganya ugonjwa na upako. Mtu ambaye hajalala usiku nne na hachoki, apelekwe kwa daktari kabla hajapewa maiki.

Mambo mawili hayangoji kesha, na naomba akina mama wayashike. La kwanza ni mama aliyejifungua karibuni, hasa wiki mbili za kwanza, akianza kuchanganyikiwa, kuona vitu au kusema mambo ya kutisha juu ya mtoto. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. La pili ni mtu aliyekuwa mzima jana, leo ana homa na anaongea ovyo. Huku kwetu hiyo inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, au maambukizi kwenye ubongo, au sukari imeshuka. Saa chache ni nyingi. Mkemee pepo mkiwa ndani ya gari mkielekea hospitali.

Nani anaulipa mzigo huu? Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, watu milioni 970 hivi duniani, yaani mmoja kati ya kila 8, walikuwa na tatizo la afya ya akili. Skizofrenia peke yake humpata mtu mmoja hivi kati ya 300. Shirika hilo linakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Hapa Kenya makadirio yanayotumiwa na serikali ni kwamba mtu mmoja kati ya wanne wanaokwenda kutibiwa na kurudi nyumbani ana tatizo la akili, na kati ya waliolazwa hufika wanne kwa kila kumi. Kamati iliyoongozwa na Dkt. Frank Njenga ilikabidhi ripoti yake mwaka 2020 ikipendekeza hali hii itangazwe kuwa janga la kitaifa.

Lakini tusiishie kwa hesabu za dunia. Nyumbani mzigo ni mbuzi aliyeuzwa kulipa mganga, na mwingine aliyeuzwa kwenda mkutano wa miujiza Nairobi. Ni mama ambaye hawezi kwenda soko na ndengu zake kwa sababu hana wa kumwachia mgonjwa. Ni msichana wa darasa la nane anayebaki nyumbani "kumwangalia mjomba". Na ni posa iliyorudishwa kwa sababu ukoo ule "una kichaa". Watu wa Wagerasi nao walipiga hesabu. Waliona nguruwe wapatao 2,000 wamezama, wakaona na yule mtu ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu, kisha wakamwomba Yesu aondoke. Kwao hasara ilikuwa nguruwe. Miaka yote aliyokaa makaburini hakuna aliyeiandika kwenye daftari la hasara.

Sasa nieleze jambo lililofanyika katika kaunti hii yetu, ambalo wengi wetu hatulijui. Katika miaka ya 2010, shirika la utafiti la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilifanya kazi hapa Makueni. Watafiti wake, Christine Musyimi na Victoria Mutiso wakiwemo, waliwaketisha pamoja watu ambao kwa kawaida hawasalimiani: wauguzi na maafisa wa kliniki, waganga wa kienyeji, na viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa. Kutoaminiana kulikuwepo, na si ajabu. Daktari anamwona mchungaji kama mtu anayechelewesha mgonjwa, naye mchungaji anaona daktari anadharau imani. Hata hivyo walizungumza. Kisha waombezi, waganga na wahudumu wa afya ya jamii wakafundishwa kutambua dalili kwa kutumia mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 kwa ajili ya wasio madaktari wa akili, ili wampeleke mgonjwa kliniki. Sababu ni rahisi kuelewa. Nchini Kenya madaktari wa akili ni wachache mno na wengi wako mijini, lakini kila kijiji kina kanisa. Mgonjwa hupita kwetu kwanza. Tukimshika akaishia kwetu, tumemfungia mlango. Tukimsindikiza, tumekuwa mlango.

Kuketi na mganga kwenye kikao kimoja kulinipa shida niliposikia habari hii, na bado sikubaliani na kazi yake. Lakini ikiwa mundu mue amejifunza kumwambia mtu "nenda hospitali", itakuwa aibu mchungaji akibaki anasema "tupa hizo dawa".

Hapo ndipo tunafika kwa Hezekia. Aliugua karibu kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamjibu kupitia Isaya kwamba atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi imetoka, nabii ameisema. Halafu nabii huyo huyo akaagiza waweke tini kwenye jipu! Hakuona kwamba tini zinaiaibisha ahadi.

Basi tuseme wazi kuhusu dawa. Za sonona huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, kwa hiyo asikate tamaa siku ya tano. Za skizofrenia huzima sauti, na kuna sindano ambayo wengine huchomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge. Zina madhara: usingizi, kunenepa, mwili kukakamaa, mikono kutetemeka, mate kutoka. Jamaa wakiona hivyo husema dawa zinamharibu. Rudini mkamwambie aliyeziandika, kwa sababu anaweza kupunguza, kubadilisha au kuongeza kidonge cha kuondoa ule ukakamavu. Hatari kubwa ni pale mtu anapopata nafuu. Anajisikia mzima, anasimama kutoa ushuhuda, anatupa dawa. Wiki mbili tatu yuko sawa na kanisa linashangilia. Ugonjwa unaporudi miezi michache baadaye, mara nyingi mtu huyo haji tena kwetu, kwa sababu ataambiwa amepoteza uponyaji wake.

Ushuhuda tunaupenda, usikatazwe. Ila mtu akisema Bwana amemponya akili, tumwombe arudi kliniki na kadi yake, aliyemwandikia dawa ndiye amwambie apunguze namna gani. Wale kumi wenye ukoma katika Luka 17 Yesu aliwatuma kwa makuhani wakaguliwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Kuhusu kamba na minyororo: mwaka 2020 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya wagonjwa wa akili wanaofungwa minyororo katika nchi 60 hivi, na Kenya imo. Najua kuna mzazi anayesoma hapa ambaye amemfunga mwanawe ili asitoke akagongwe na lori kwenye barabara kuu ya Mombasa. Hatukuhukumu, mzee wangu. Njoo utuambie, tusaidiane kumfikisha hospitali. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti zimetajwa kuwa na wajibu wa kutoa huduma hizi. Na kwa aliyejaribu kujiua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mtu huyo kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha katiba. Tusimfiche kwa kuogopa polisi. Ukimshuku mtu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo hilo, wengi hupumua. Kisha mwondolee dawa ya mifugo na ya kunyunyizia mboga, na usimwache peke yake.

Pa kuanzia ni hospitali ya Makindu, au zahanati iliyo karibu nawe, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako. Ukiambiwa uende Wote, nenda. Nauli ikikosekana, kiongozi wa ushirika wa nyumbani ajue mapema, si siku yenyewe.

Wiki hii kila ushirika utembelee nyumba moja yenye mgonjwa. Nendeni wawili au watatu, msiende umati. Msalimieni mgonjwa mwenyewe kwa jina lake kabla ya kumsalimia mama yake. Bebeni unga au sukari. Ombeni kwa sauti ya kawaida, maana kelele humtisha anayesikia sauti. Na kabla hamjaondoka, ulizeni tarehe ya kliniki ni lini, na nani atampeleka.