Korongo wa Ulaya juu ya Thika

Watazamaji wa ndege huamka alfajiri, lakini kwa safari hii lala tu. Korongo weupe na tai wa nyika ni wazito, hawawezi kupiga mabawa kutoka Ulaya na Asia mpaka huku. Husubiri jua liipashe ardhi moto, wakabebwa juu na hewa inayopanda huku wakizunguka, kisha wakateleza mbali bila jasho. Inua macho kati ya saa tatu na nusu na saa saba mchana.

Misimu ni miwili: Oktoba hadi Desemba wakishuka kusini, Machi na Aprili wakirudi. Tai wa nyika hutoka mbali hadi Kazakhstan, nao hupenda kumbikumbi, kwa hiyo siku yenye jua baada ya mvua ndiyo ya kuitegea. Hata hivyo hakuna ahadi. Siku nyingine utaambulia mwewe tu.

Pa kutazamia, Ruiru iliyo njiani magorofa yameziba anga, mimi ningepita. Ukitoka Nairobi panda matatu ya 237 hadi Thika, kisha unganisha ya Donyo Sabuk. Mlima wa hapo, Kilimambogo, mita 2,145, umesimama peke yake uwandani na upepo ukiugonga hupanda juu, jambo linalowafaa ndege hawa. Ukitaka kuingia hifadhi ya mlima huo, lipa kwa eCitizen, na usitembee bila askari: nyati wamo. Asiyetaka gharama atosheke na uwazi ulio karibu na Fourteen Falls. Mashamba ya mananasi yana wenyewe, usikate njia humo. Na mkipita kambi ya jeshi ya Kahawa, darubini na kamera zikae mkobani.

Usimchanganye korongo mweupe na marabu wa jalalani. Marabu hukunja shingo akiruka. Mgeni huinyoosha, miguu myekundu ikinyooka nyuma, nusu ya nyuma ya bawa ikiwa nyeusi. Tai ni wa kahawia, ncha za mabawa zimetanuka kama vidole; yule mchanga ana mstari mweupe chini ya bawa.

Wazungu wenyewe walibishana sana korongo wao huenda wapi wakati wa baridi, mpaka 1822 alipouawa mmoja karibu na Klütz, Ujerumani, shingoni amechomwa mkuki wa Kiafrika. Yupo bado, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock.

Beba kofia na maji. Shingo itauma, tandika leso ulale chali.