Dondoo muhimu: Foleni za mafuta baada ya kimbunga
Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya New Jersey na New York mnamo Oktoba 2012, vituo vingi vya mafuta vilikwama si kwa uhaba wa petroli pekee, bali pia kwa kukosa umeme wa kuendesha pampu, jambo ambalo wenye hasira kwenye foleni huwa wanalisahau wanapomfokea mhudumu asiye na kosa. Tangi lijazwe kabla ya dhoruba. Panapotangazwa mgawo wa witiri na shufwa, yaani magari kununua mafuta kwa zamu, tarehe ikilinganishwa na tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili, kama New Jersey ilivyoagiza Novemba 2012, zamu iheshimiwe. Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.