NASABA YA ANTHONY JOHNSON, MWAFRIKA WA VIRGINIA

Nasaba ya mtu ni kama mnyororo, na kila kiungo cha mnyororo huo yapasa kipimwe kabla ya kutegemewa. Wamarekani wengi hupenda kujua kama mababu zao walikuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza wa nchi ile. Lakini wako wanaokosea njia tangu hatua ya kwanza: hukuta jina katika daftari la zamani, wakaona linafanana na lao, wakaruka miaka mia tatu bila daraja. Somo hili laeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo kwa uangalifu. Mfano wake ni Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika Virginia miaka 14 tu baada ya Waingereza kujenga mji wa Jamestown mwaka 1607.

Hati ya kwanza ni hesabu ya watu. Mwanzoni mwa mwaka 1625 watu wote wa koloni la Virginia waliandikwa, nyumba kwa nyumba, pamoja na chakula chao, silaha zao na mifugo yao. Katika shamba la tumbako la Edward Bennett liliandikwa jina la Antonio, mtu mweusi, aliyefika mwaka 1621 kwa merikebu iitwayo James. Katika shamba lilo hilo aliandikwa pia Mary, mwanamke mweusi, aliyefika mwaka 1622 kwa merikebu nyingine. Hakuna jina la baba, wala la mama, wala la kabila, wala la kijiji. Karani aliona yatosha kuandika jina moja, rangi ya mtu, na chombo kilichomleta.

Hata hivyo maneno hayo machache yana habari zaidi, kama msomaji akiyaweka pamoja na mambo mengine yajulikanayo. Tarehe 22 Machi 1622, wapiganaji wa Powhatan, wenyeji wa nchi ile, waliyashambulia makao ya Waingereza waliokuwa wakizidi kuitwaa ardhi yao. Watu wapatao 347 waliuawa siku hiyo, na katika shamba la Bennett peke yake waliuawa zaidi ya 50. Basi mtu aliyefika shambani mwaka 1621, na mwaka 1625 akaonekana angali yupo, alikuwa mmoja wa wachache waliosalimika.

Baada ya hapo Antonio haonekani tena kwa jina hilo. Lakini katika Wilaya ya Northampton, ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake, kuna madaftari ya korti yaliyotunzwa bila kukatika tangu mwaka 1632. Katika hati za wilaya hiyo anatokea mkulima mweusi, mtu huru, aitwaye Anthony Johnson. Mwezi wa Julai mwaka 1651 alipewa eka 250 za ardhi. Sheria ya siku hizo ilimpa mtu eka 50 kwa kila nafsi ambayo nauli yake ya kuja Virginia imelipwa, naye Johnson alileta majina matano.

Je, Antonio wa mwaka 1625 na Anthony Johnson wa mwaka 1651 ni mtu mmoja? Hapo ndipo mtafutaji mwenye haraka hujikwaa, kwa maana jina peke yake si ushahidi. Wanahistoria wamekubali kwamba ni mtu mmoja kwa sababu tatu zinazosaidiana. Kwanza, Antonio ni jina la Kireno na Kihispania ambalo Waingereza hulitamka Anthony. Pili, mkewe Anthony Johnson aliitwa Mary. Tatu, na hii ndiyo sababu yenye nguvu zaidi, nyumba yao ilipatwa na hasara kubwa ya moto, nao wakaomba msaada katika korti mwezi wa Februari mwaka 1653. Korti iliandika kwamba watu hao walikuwa wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30. Ukirudi nyuma miaka 30 kutoka mwaka 1653 wafika mwaka 1623. Na waliofika mwaka 1621 na 1622 waingia sawasawa katika hesabu hiyo.

Msaada waliopewa nao wafaa kuangaliwa. Sheria ya mwaka 1643 iliwatoza kodi ya kichwa wanawake weusi, ijapokuwa wanawake wa Kiingereza hawakutozwa. Korti iliamuru kwamba Mary na binti zake wawili wasilipe kodi hiyo maisha yao yote. Kwa amri hiyo moja mtafutaji apata kujua mambo matatu: kwamba watu hawa waliheshimiwa na majirani, kwamba walikuwa na binti wawili, na kwamba sheria ilikuwa imeanza kuwatenga watu kwa rangi zao.

Yafaa hapa kutoa onyo juu ya tarehe. Waingereza na makoloni yao, mpaka mwaka 1752, walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, wala si tarehe 1 Januari. Kwa hiyo amri hiyo ya korti imeandikwa Februari mwaka 1652, nayo kwa hesabu ya leo ni mwaka 1653. Asiyejua jambo hili aweza kudhani kwamba mtoto alibatizwa kabla ya kuzaliwa, au kwamba marehemu aliandika wasia baada ya kufa kwake.

Sasa yaja hati ambayo mzao mwingi wa fahari angependa kuificha. Katika shamba la Johnson alikuwako Mwafrika mwingine, jina lake John Casor. Casor alidai kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa kazi wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson alimshika hata baada ya muda huo kwisha. Johnson alisema kwamba Casor ni wake maisha. Jirani mmoja Mwingereza, Robert Parker, alimchukua Casor akakaa kwake, na Johnson akapeleka shauri kortini. Mwezi wa Machi mwaka 1655 korti ilimpa ushindi Johnson, na Casor akarudishwa. Basi mtu ambaye yeye mwenyewe aliletwa bila hiari alitumia korti ile ile kumtia mwenziwe katika utumwa wa maisha. Atafutaye nasaba hana ruhusa ya kuchagua hati zipendezazo na kuziacha zichukizazo. Akifanya hivyo hakuandika nasaba, ameandika sifa.

Yapata mwaka 1665 Johnson na jamaa zake walihamia Maryland, wakakodi eka 300 katika Wilaya ya Somerset. Sehemu kubwa ya ardhi ya Virginia aliiuza, na eka 50 alimpa mwanawe Richard. Johnson alikufa yapata mwaka 1670. Mwaka uo huo waamuzi katika Virginia walikata shauri kwamba ardhi aliyoiacha iwe mali ya serikali, kwa sababu alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo alikuwa mgeni. Mtu huyo alikuwa amekaa Virginia zaidi ya miaka 40. Alilipa kodi, alishtaki na kushtakiwa, na serikali ile ile ilimpa hati ya ardhi kwa jina lake. Lakini sheria zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1662 ilikuwa imetungwa sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, huru kwa huru na mtumwa kwa mtumwa, na njia ya uhuru ikazidi kuwa nyembamba kwa Waafrika. Asomaye hukumu bila kusoma sheria za mwaka wake hataielewa.

Mary aliishi baada ya mumewe, na mwaka 1672 aliwaandikia wajukuu wake ng'ombe ili wawe na mali yao. Kisha mwaka 1677 mjukuu mmoja, John, alinunua eka 44 katika Maryland. Shamba hilo aliliita Angola.

Jina hilo la shamba ni ushahidi wa namna yake. Katika hati zote zilizotajwa hapo juu hakuna hata moja isemayo Antonio alizaliwa wapi. Ila yajulikana kwamba Waafrika walioletwa Virginia mwaka 1619 walikuwa wametekwa kutoka katika merikebu ya Wareno iliyotoka Luanda, na jina Antonio lenyewe lina asili ya huko kwa Wareno. Mjukuu huyo alizaliwa Marekani; hakuiona Afrika kwa macho yake. Ikiwa alichagua jina la Angola kuliko majina yote, yamkini alilisikia nyumbani kwao. Kile ambacho karani hakukiandika mwaka 1625, wazee walikisimulia, na baada ya miaka zaidi ya 50 kikaingia katika daftari la ardhi.

Baada ya mwanzo wa karne ya kumi na nane alama za jamaa hii zafifia. Johnson ni jina la watu wengi mno katika Marekani, wala haifai mtu kujiita mzao wa Anthony kwa sababu ya jina tu. Atakaye kuthibitisha yampasa aanze na nafsi yake, kisha wazazi wake, kisha babu na bibi zake, akirudi nyuma kizazi kwa kizazi, na kila hatua aionyeshe kwa hati au kwa ushuhuda uliopimwa. Ajihadhari na majina yaliyobadilika, tarehe za kalenda ya kale, na mipaka ya wilaya iliyohamishwa. Na mahali ushahidi unapokoma, naye asimame.

Karani wa mwaka 1625 angalimwuliza Antonio maswali mawili tu, yaani jina la baba yake na jina la mji wake, wanahistoria wasingalihitaji kupima jina la shamba ili kubahatisha jibu. Basi wazee waulizwe wangali hai, na majibu yao yaandikwe, pamoja na mwaka na jina la aliyesema.