Ndama ana tezi chini ya sikio: je, asubiri hadi kesho?

SWALI: Mfugaji wa Kyerwa ana ndama wa miezi minne aliyeacha kunyonya. Mwili wake una joto kali na tezi chini ya sikio imevimba. Je, amsubiri afisa mifugo hadi kesho?

JIBU: Asisubiri. Dalili hizo zinaelekeza kwenye ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio, ambaye anastawi katika maeneo ya malisho yenye unyevu kama Karagwe na Kyerwa.

Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39.5. Kipimajoto kikipita 40, simu ipigwe usiku huohuo. Dawa ya buparvakwoni huponya vizuri ikitolewa mapema. Mnyama akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, maji yamejaa mapafuni na nafasi ya kupona ni ndogo.

Wakati wa kusubiri, ndama akae kivulini karibu na maji, na kupe waondolewe. Asichomwe sindano yoyote ya dukani kwa kubahatisha. Oksitetrasaikilini pekee haitibu ndigana iliyokwisha kuonyesha dalili.

Kinga ipo: kuogesha mara kwa mara, pamoja na chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, inayotolewa mara moja.