NI NANI ALIYEMWONGOZA DA GAMA?
Somo kwa Vijana Wetu



Vijana wetu wa hapa Vanga wasomao skuli walipewa kazi ya uchunguzi juu ya mabaharia wa kwanza wa Kizungu waliofika pwani hii, na baadhi yao wakatuletea madaftari katika darsa ili tuyatazame. Tumeyasoma. Mna mambo mazuri ndani yake. Lakini karibu wote wameandika jambo moja bila ya shaka yoyote: kwamba Vasco da Gama aliongozwa kutoka Malindi mpaka Bara Hindi na Ahmad bin Majid, na wawili wakazidisha kwamba bin Majid alitoa siri ya njia baada ya kuleweshwa. Tulipowauliza wameipata wapi khabari hiyo, jawabu lilikuwa, "Imeandikwa."

Naam, imeandikwa. Lakini imeandikwa na nani, lini, naye aliipokea kwa nani? Hayo ndiyo maswali ambayo wanavyuoni wetu waliyauliza katika kila riwaya ya Hadithi, na kwayo wakapambanua sahihi na dhaifu. Na katika Surat Al-Hujurat Mola wetu ametuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Basi kwa nini tuwe wakali katika chuo, kisha tukifika skuli tumeze kila tulichopewa?

Wala hili si jambo dogo. Bin Majid ni Mwislamu aliyekufa, hawezi kujitetea, na anashitakiwa mambo mawili mazito: kunywa pombe, na kuwafungulia maadui njia ya bahari ya Waislamu. Ulevi katika sharia yetu hauthubutu ila kwa mashahidi wawili waadilifu au kwa mtu kukiri mwenyewe. Na tuwatafute hao mashahidi.

Mtu huyu kwao ni Julfar, mji uliokuwa mahali iitwapo leo Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa maalimu wa vyombo kama yeye. Kitabu chake kikubwa, Al-Fawaid, alikimaliza kiasi cha mwaka 1490, nacho kimejaa ilimu ya nyota, pepo, miamba na bandari. Ilimu hiyo ya kupima nyota kwa vidole, na kwa kile kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamal, haikuwa siri ya mtu mmoja. Maalimu wengi waliijua, wa Kiarabu, wa Kihindi na wa pwani yetu.

Mtu aliyeeneza khabari ya ulevi ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka 1582, katika kitabu chake Al-Barq al-Yamani, kinachoeleza jinsi Waturuki walivyoiteka Yemen. Yeye ndiye asemaye kwamba mkubwa wa Mafranji alikaa na bin Majid katika ulevi mpaka akaonyeshwa njia. Mwandishi huyu ni mtu mkubwa, na twamwombea rehema. Lakini alizaliwa baada ya safari ile kwisha, aliandika baada ya miaka zaidi ya 70 kupita, wala hataji aliyempokeza. Lau riwaya kama hiyo ingeletwa katika mlango wa tohara isingekubaliwa, seuze katika kumtia Mwislamu aibu!

Sasa natuwatazame waliokuwako. Katika merikebu za da Gama mlikuwa na mtu aliyeandika daftari ya safari. Wengi humtaja kuwa ni Álvaro Velho. Huyu asema kwamba da Gama alifika Malindi katikati ya Aprili 1498, na mfalme wa Malindi akaahidi kumpa maalimu. Siku zikapita. Tarehe 22 akaja chomboni mtu wa karibu na mfalme. Da Gama akamzuia, akapeleka neno bara: maalimu aletwe. Akaletwa. Tarehe 24 wakatweka. Tazameni vizuri, enyi vijana: hapana kikombe katika kisa hiki, pana mateka. Na kwa hisabu ya miezi yetu, siku hizo ni za mwanzo wa Ramadhani ya mwaka 903.

Daftari hiyo humwita maalimu yule Mkristo. Hilo nalo hatulikubali upesi, kwani Wareno hao waliwadhani Mabaniani wa Malindi kuwa ni Wakristo, na walipofika Calicut wakaingia hekaluni wakaabudu, wakidhani ni kanisa. Waandishi wa Kireno waliokuja baadaye, Castanheda na Barros, wakiandika katika miaka ya 1550, wamesema ni mtu wa Gujarati, na Barros akasema ni Mwislamu. Jina walilomwita ni Malemo Cana, au Canaqua. Nyinyi watu wa pwani hamhitaji mkalimani hapa: Malemo ni maalimu, na hilo la pili ni neno la Kihindi la mtu wa hisabu na unajimu. Basi hilo si jina, ni cheo. Barros aeleza pia kwamba alipoonyeshwa chombo cha Kizungu cha kupimia jua hakustaajabu hata kidogo.

Hata mmoja katika Wareno hao hamtaji bin Majid. Aliyeunganisha maneno ya Nahrawali na maneno ya Wareno ni mwanachuoni wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, katika miaka ya 1920, na kutoka kwake khabari ikaingia vitabuni. Wachunguzi waliomfuata wameipinga, na katika zama zetu mtawala wa Sharja, Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, ameandika kitabu kizima kumtakasa bin Majid. Wako Waislamu waipendao riwaya ya Ferrand kwa sababu ya fakhari, wapate kusema, "Mzungu asingefika lau si sisi." Hawaoni kwamba fakhari hiyo na lile tusi la ulevi vimetoka katika mtungi mmoja.

Tena vijana wetu wamewaacha maalimu wengine, ambao khabari zao zina ushahidi mzuri zaidi. Kabla ya kufika kwetu, baada ya kutoka Msumbiji, Wareno walimpiga mijeledi maalimu mmoja wa huko kwa kudai amewadanganya, na kisiwa walichokuwa karibu nacho wakakiita Kisiwa cha Aliyepigwa Mijeledi. Walipofika Mombasa, tarehe 7 Aprili, hazikupita siku nyingi wakawatonesha Waislamu wawili mafuta ya moto mwilini ili wakiri kuna hila. Njiani kwenda Malindi wakateka chombo chenye watu 17. Hayo hayakuandikwa na adui yao. Yameandikwa na mwenzao, tena bila ya haya.

Na iko sehemu ya kisa hiki iliyo mlangoni mwetu, wala hatukuiona katika daftari hata moja. Kabla ya kufika Mombasa, merikebu São Rafael ilipanda mwambani upande wa Mtangata, kusini ya Tanga, na milima waliyoiona bara ni ile ya Usambara, unakotoka mto wetu wa Umba. Wenyeji wakawaendea kwa vyombo, wakawapelekea machungwa ambayo Wareno walikiri ni mazuri kuliko ya kwao. Kutoka hapo hadi Mombasa hapana njia ila bahari hii iliyo mbele ya Vanga na Wasini. Watu wavuao samaki, wapandao machungwa na kusafiri mpaka Hindi, wanaandikwa kuwa "wamevumbuliwa"!

Kuhusu pepo, linganisheni nyinyi wenyewe. Wakienda na maalimu, mwanzo wa kusi, walivuka kwa siku 23 hivi wakaiona milima ya Hindi. Wakirudi, walitweka Oktoba 1498, kaskazi haijasimama, wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zikawavimba, wakafa watu kiasi cha 30, na Januari 1499 wakafika Malindi wakiomba machungwa kwa wagonjwa. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu, ndipo wakaitia moto São Rafael pale pale penye miamba ya Mtangata.

Basi twawataka vijana wayaandike upya madaftari yao. Jina la bin Majid wasilifute, bali waandike khabari yake pamoja na aliyeisema na mwaka alioisema. Kisha waende kwa manahodha wazee waliobaki hapa Vanga, na Jimbo, na Wasini, wawaulize majina ya nyota walizofuata, miamba waliyoiogopa, na siku walizohesabu tangu Nairuzi kabla ya kutweka. Kila jambo waliandikie jina la msimulizi na jina la aliyemfunza. Madaftari yataanza kusomwa katika darsa baada ya sala ya Isha, na wazee hao wamealikwa waje wasikilize na kusahihisha.