Mpe mnunuzi lokesheni ya diko, si ya mlangoni

Wadogo zangu, leo namjibu mmoja wenu wa kisiwa cha Kojani, Pemba, anayechemsha na kuanika dagaa pamoja na mama yake. Kaka yake yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, na kila akipiga simu anamhimiza aiweke biashara yao kwenye ramani ya Google. Yeye anaona ni kuchoma bando bure: Kojani nzima inawajua, nani atawatafuta kwenye simu?

Mdogo wangu, jirani yako hatokutafuta huko, hilo kweli. Lakini jirani yako naye anaanika dagaa. Mnunuzi wako ni mwenye mkahawa Chake Chake, mchuuzi wa soko la Wete, mfanyakazi aliyehamishiwa Pemba juzi na hajui pa kuuliza. Ni mfanyabiashara anayekusanya magunia, maana dagaa wa Zanzibar husafiri mpaka Kongo. Mtu huyo akiandika "dagaa" kwenye simu yake, simu inajua amesimama wapi, na inamtolea majina ya walio karibu naye. Asiyejiandikisha hayumo kwenye majina hayo, hata dagaa wake wawe wasafi kuliko wa wote.

Na ramani ya visiwa vyetu ishapigwa. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pamoja na wenzao, walirusha droni juu ya Unguja na Pemba wakapiga picha visiwa vyetu kutoka juu. Picha za aina hiyo zinaonesha mapaa. Nani anauza nini chini ya paa, hilo litajulikana ukilisema wewe.

Ila usikimbilie kuweka alama mlangoni kwenu. Nyumba ina mama na binti, na wanaume wako baharini au dago. Sipendi mgeni yeyote aongozwe na simu mpaka kizingitini kwenu. Google inaruhusu biashara isiyopokea wateja nyumbani kuficha anwani, ikataja tu maeneo inayoyahudumia. Taja Wete, Chake Chake, Konde, basi. Mkishaelewana na mnunuzi kwenye WhatsApp, mtumie lokesheni ya diko, pale vyombo vinaposhushia samaki, au ya pale upande wa pili wa maji zinapofunga mashua, mahali penye watu. Na chini ya lokesheni andika maneno: ashuke wapi kwenye gari, avuke na chombo gani, nauli kiasi gani. Mgeni akiangalia kiooni anaona Kojani iko karibu sana, wala hajui kwamba ukaribu huo una maji katikati.

Maji hayo yakumbuke pia siku utakapolipia tangazo la Facebook au Instagram. Watakwambia uchague mahali, kisha uchore duara la kilomita kadhaa kuwazunguka watu watakaoliona. Ukiliweka katikati ya Kojani, sehemu kubwa ya duara inaangukia baharini, na waliobaki ndani ni hao hao wavuvi wenzenu. Weka katikati Wete au Chake Chake, wanakoishi wanunuzi. Anza na fedha kidogo, kwa siku ambazo dagaa mnao kweli.

Hizo siku ndizo zinazonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu hapa naona vijana wengi wanaharibu. Programu ya ramani inakuuliza unafungua saa ngapi Jumatatu, saa ngapi Jumanne. Dagaa hawana Jumatatu. Wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa vyombo vinapumzika. Kusi likichafuka, hakuna. Mvua za masika zikishika, hata waliovuliwa hawakauki vizuri. Ukijaza "wazi siku zote", mtu atatoka Chake Chake, avuke, akute chanja za kuanikia tupu, na hatorudi. Kwa hiyo kwenye saa za kazi jaza zile unazopokea simu, na kwenye maelezo sema wazi kwamba mteja apige kabla ya kuja. Habari ya mzigo iweke kwenye stetasi ya WhatsApp, ambayo hukaa saa 24 ikaondoka, na kwa biashara ya bahari huo ndio muda unaofaa: "Dagaa wa jana wako kwenye chanja, jua zuri, kesho jioni wanafungwa." Mnunuzi akisoma hivyo anapanga safari.

Angalia na saa zenyewe. Sisi tunasema saa 2 asubuhi, simu inaandika 8:00. Ukijaza 2:00 umetangaza kwamba unafungua saa 8 za usiku. Nimeyaona hayo kwenye maduka ya watu wazima, tena mjini.

Picha pia. Picha ya mama amesimama mbali na sufuria haimsaidii mnunuzi. Sogeza simu mpaka dagaa waonekane mmoja mmoja: ngozi inang'aa, tumbo halijapasuka, wako juu ya chanja na si chini kwenye mchanga. Mwenye mkahawa anachoogopa ni mchanga kwenye meno ya wateja wake, na picha hiyo inamjibu kabla hajauliza.

Kuhusu kaka yako: yeye asiweke alama ya kudumu. Dago linahama, na alama iliyoachwa nyuma itampeleka mnunuzi kwenye ufuo mtupu. Stetasi inamtosha. Ile lokesheni ya WhatsApp inayokwenda na mtu, ambayo unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, awatumie nyinyi wa nyumbani anaposafiri, na si wanunuzi. Mvuvi hamwoneshi mtu mwamba wake, na sioni sababu ya simu kuuonesha kwa niaba yake.

Usiweke kila kitu kwenye programu moja, mdogo wangu. Tazama Foursquare, programu ya simu ya kutafutia mahali: ilianza Marekani 2009. Watu wakifika dukani walikuwa wanabonyeza kuonesha wamefika, na aliyefika zaidi ya wenzake aliitwa meya wa duka. Mwaka 2010 Starbucks iliwapunguzia mameya wake dola 1 kwenye kinywaji. Desemba 2024 programu hiyo ilifungwa. Kwa hiyo kila anayenunua, nambari yake iandike kwenye daftari, na pembeni andika anachukua kilo ngapi na anapenda wakavu kiasi gani.

Lililobaki ni maoni ya wateja, yale yenye nyota. Usiwaombe binamu zako wakujazie. Mnunuzi mzoefu anawatambua kwa namna wanavyosifu bila kutaja walichonunua. Muombe mnunuzi aliyepokea gunia lake safi aandike mistari miwili: alinunua lini, mzigo ulifikaje. Na mwingine akiandika kwamba gunia moja lilikuwa na unyevu, usimgombeze wala usinyamaze. Mjibu pale pale mbele ya watu, umwambie gunia hilo utamfidia vipi.