Somo: Mlima wa Juu na Chemchemi ya Chini

Soma kwanza: Ezekieli 34:17-19.

Nabii Ezekieli aliwakemea wenye nguvu waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu, hata wanyonge wakaachiwa matope. Neno hili latuhusu sisi wa Masisi, maana twakaa milimani, na karibu kila mtu ana jirani chini yake.

Akina mama huleta hospitalini watoto wanaohara. Twawapa maji ya chumvi na sukari, tena twawafundisha kuchemsha maji ya kunywa. Hayo ni mema. Lakini leo tuulize: maji yale yalichafukia wapi?

1. Mvua penye miti na majani

Majani huvunja nguvu ya matone. Chini yake majani makavu yametandikwa kama mkeka. Mizizi na minyoo ya udongo hutoboa njia nyingi ndogo, na maji huzama polepole. Hushuka mpaka kukuta mwamba au udongo mgumu, kisha hutokea chini kama chemchemi. Safari hiyo huyachuja, tena huyaweka akiba. Kwa hiyo chemchemi njema hutoa maji hata mwezi wa Julai.

2. Mvua mahali patupu

Tone hupiga udongo, na tope laini huziba vitundu vyake. Ng'ombe wengi wakikanyaga mahali pale pale, udongo hukazana kama sakafu. Basi maji hukosa mlango. Hukimbia juu ya ardhi, yakichukua udongo wenye rutuba, na mavi ya ng'ombe na ya watu, mpaka kijitoni. Mwenye shamba hupoteza mavuno. Aliye chini hupata kuhara na homa ya matumbo. Na wakati wa kiangazi chemchemi hupungua, kwa kuwa akiba haikuwekwa.

Milima mingi ya Masisi iliyokuwa na msitu na mianzi ilifyekwa katika karne iliyopita, ikawa mashamba na malisho. Maziwa, jibini na maharagi ni baraka. Lakini mlima usiovikwa kitu huachilia maji yote kwa mara moja. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Kalehe, kusini yetu. Mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Tusiseme kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Bwana Yesu alitukataza hivyo katika Luka 13:4-5. Bali tujifunze kuvika milima yetu.

3. Jaribu mwenyewe

Tafuta mahali pawili kwenye mteremko mmoja: pamoja penye majani mengi, pengine palipo patupu. Mwaga kibuyu cha maji polepole kila mahali. Tazama ni wapi maji yanazama, na ni wapi yanakimbia na kuwa mekundu au meusi. Waonyeshe watoto wako.

4. Tufanye nini?

Kabla ya mwaka 1960 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu kuchimba mitaro ya kukinga mlima. Wengi waliichukia, na baada ya uhuru wakaiacha. Kulazimishwa kulikuwa kubaya, lakini mtaro wenyewe haukuwa na kosa. Sisi tuchimbe kwa upendo.

– Panga matuta yakate mteremko. Yasishuke pamoja nao.
– Hata kama shamba ni dogo au la kukodi, acha ukanda wa majani au panda matete ukingoni mwa mtaro.
– Usichome mabua ya mahindi. Yatandaze juu ya udongo.
– Zungushia chemchemi ua, ng'ombe wasiingie. Panda miti juu yake, lakini si mikaratusi, kwa maana hunywa maji mengi.
– Chimba choo chini ya chemchemi, si juu, na mbali nayo mita 30 au zaidi.
– Kama malisho ya juu ni ya mtu mwingine, wazee wa kanisa na wa kijiji waende pamoja, wazungumze naye kwa heshima.
– Endelea kuchemsha maji ya kunywa.

Miti haikui kwa siku moja. Lakini ukanda wa majani waweza kuanza mvua hii.

Maswali

1. Kwa nini chemchemi hukauka ijapokuwa mvua ilikuwa nyingi?
2. Ni nani anayekunywa maji yanayotoka shambani mwako?
3. Wiki hii utafanya nini kwa ajili yake?